Kanisa, kituo au hospitali: kumchagulia mraibu wa pombe mahali pa kuanzia, kwa familia za Malindi

Familia ya Kikristo ya Malindi inapokubali kwamba ndugu yao hawezi tena kuiacha pombe kwa nguvu zake mwenyewe, kwa kawaida hujikuta mbele ya njia nne. Ya kwanza ni kumpeleka kanisani akaombewe, pengine akae kwa mchungaji siku kadhaa za kufunga na kukesha. Ya pili ni kumlaza katika kituo cha urekebishaji kinachoendeshwa kwa misingi ya Kikristo, ambako siku huanza na kumalizika kwa ibada. Ya tatu ni kituo cha kawaida, kiwe cha serikali au cha mtu binafsi, kisichofuata mafundisho ya dini yoyote. Ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kutibiwa hospitalini kama mgonjwa wa nje huku akilala nyumbani kwake, kanisa na wenzake walioacha pombe wakimshika mkono. Naandika nikiwa muumini ambaye hana shaka kwamba Mungu huwafungua watu, na ambaye hana shaka pia kwamba mtu anaweza kushikwa na degedege katikati ya maombi.

Kabla ya kulinganisha chochote, ni lazima ijulikane ni mnywaji wa namna gani anayezungumziwa. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo mhudumu wa afya anaweza kumwuliza mtu kwa dakika chache tu. Alama zake huanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari, na 20 au zaidi huashiria kwamba huenda mwili umekwisha kuitegemea pombe. Hata bila dodoso, ipo dalili ambayo wake wa wanywaji huifahamu kabla ya daktari. Mtu anaamka alfajiri, mkono unatetemeka kiasi kwamba chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, jasho linamtoka ingawa kusi inavuma, naye hatulii mpaka ametoka kwenda kutoa loki, yaani kunywa kidogo ili mtetemeko utulie. Akirudi baada ya nusu saa, mkono umetulia na anaweza hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Huyo si mtu wa kuambiwa aache leo hii hii, na kwake njia nne nilizozitaja hazina uzito sawa hata kidogo.

Juma la kwanza

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Sisi wa Malindi tumejifunza habari za uraibu kwa kuwatazama vijana wa unga, yaani heroini. Mradi wa Omari ulianza kuwahudumia hapa mwaka 1995, na tangu 2015 hospitali ya serikali ya Malindi imekuwa ikitoa methadoni, hivyo zipo familia nyingi zinazoijua arosto: mifupa kuuma, kutapika, kuhara, kutolala, kisha baada ya siku chache mtu anaanza kurudi katika hali yake. Ujuzi huo ukihamishiwa kwenye pombe unapotosha vibaya. Arosto ya unga hutesa sana lakini ni nadra kumwua mtu mwenye afya ya kawaida, ilhali kuikata pombe ghafla, kwa mtu aliyeinywa kila siku kwa miaka, kunaweza kuua. Na kwa kuwa huulizwa mara kwa mara, niseme pia kwamba methadoni ni dawa ya uraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo, haitibu ulevi.

Mambo huenda kwa mpangilio unaojulikana. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, wasiwasi na moyo kwenda mbio. Degedege, kwa wale inaowapata, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huingia katika hali mbaya kuliko zote: homa, kuchanganyikiwa, kuweweseka, kuona wadudu wakipanda ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwapo. Hospitalini hali hiyo huzuiwa kwa dawa kama dayazepamu, ambayo hutolewa kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo kwa mnywaji wa muda mrefu hutangulia kabla ya dripu ya sukari kwa sababu sukari ikitangulia inaweza kuuharakisha uharibifu wa ubongo.

Sasa linganisha. Anayepelekwa kwenye maombi peke yake huifikia siku ya tatu akiwa katikati ya mkesha, na pale anapoanza kuona vitu ukutani na kupiga kelele, waliomzunguka huona pepo akidhihirika. Wanazidisha maombi, wanamshika mikono na miguu, na masaa yanapita. Sisemi kwamba hakuna pepo. Nasema kwamba mtu aliyeacha pombe juzi, mwenye homa na asiyejua yuko wapi, apelekwe hospitali kwanza, na maombi yaendelee njiani na kando ya kitanda. Kufunga nako kunaongeza hatari. Mtu aliyekuwa akianza mnazi asubuhi mara nyingi hakuwa akila, kwa hiyo anaingia kwenye mfungo akiwa tayari na upungufu wa vitamini B1 na akiba ndogo ya sukari mwilini, na upungufu huo unaweza kumwachia kasoro ya kumbukumbu ambayo haitarudi. Mchungaji anayemwamuru mgonjwa wa aina hii afunge siku tatu hakumtakia mabaya, lakini amemtenda mabaya. Afunge mama, afunge mzee wa kanisa. Mgonjwa ale uji, wali, samaki na maharagwe.

Vituo vya Kikristo hutofautiana mno katika jambo hili. Vipo vyenye daktari na muuguzi wa zamu, na vipo vyenye mchungaji, mpishi na kufuli. Kituo cha kawaida chenye kibali kwa kawaida huwa na mhudumu wa afya, ingawa nacho kiulizwe waziwazi: ni nani huwa zamu saa nane za usiku, na mgonjwa akipata degedege anapelekwa wapi kwa gari gani? Kituo kinachokujibu kwamba jambo hilo halijawahi kutokea kwao hakijakujibu. Mgonjwa wa nje naye anaweza kupunguziwa pombe salama kwa dawa akiwa nyumbani, mradi hajawahi kupata degedege, hana ugonjwa mwingine mkubwa, anaonwa na mhudumu kila siku, na yuko mtu mzima asiyekunywa anayeshika dawa na kumpa kwa saa zake. Masharti hayo yasipotimia, alazwe.

Mlango uliofungwa kwa nje

Baada ya mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa hapa katika kaunti yetu, hakuna familia ya Kilifi inayopaswa kuona haya kumwuliza mchungaji maswali magumu. Huduma halali ya Kikristo haitakataza dawa za hospitali, haitamzuia mgonjwa kula, wala haitamnyima mzazi nafasi ya kuzungumza na mwanawe faraghani. Vipindi vya mwanzo vya kutowaona jamaa ni vya kawaida katika vituo vingi, hata vya kawaida, na huwa na sababu. Lakini kipindi hicho kiwe na mwisho unaotajwa tangu siku ya kwanza. Minyororo, viboko na kumwagiwa maji ya baridi si nidhamu ya kiroho wala si tiba, popote vinapofanyika.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupiga 1192, nambari ya bila malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na kuuliza kama kituo unachokifikiria kimeidhinishwa. Hili ni la dakika chache, na ajabu ni kwamba watu hufanya uchunguzi zaidi wanaponunua pikipiki.

Miezi mitatu ndani

Tuchukulie kwamba juma la kwanza limepita salama. Vituo vingi nchini hupanga muda wa siku 90, na katika muda huo ndipo kituo cha Kikristo na cha kawaida vinapoweza kulinganishwa kwa haki. Katika cha kawaida mgonjwa hukaa vikao vya mnasihi na vya kikundi, hufundishwa kuvitambua vichocheo vyake, kama vile siku ya malipo, ugomvi wa nyumbani au kona fulani ya mtaa, na hufanya mazoezi ya kusema hapana mpaka neno limtoke bila kigugumizi. Katika cha Kikristo mengi ya hayo hufanyika pia, yakizungukwa na sala ya alfajiri, mafundisho ya Neno, kazi za mikono na maungamo. Faida yake, kwa muumini, ni kwamba hatia haiachwi nje ya mlango. Mwanamume aliyeuza mabati ya mama yake ili apate ya kunywa ana mzigo ambao vikao vya vichocheo peke yake haviutui. Anahitaji kuungama, kusamehewa, na kupanga jinsi ya kulipa.

Upungufu wa baadhi ya vituo hivyo ni kuona kila kurudia pombe kuwa ni uasi, na kila huzuni kuwa ni ukosefu wa imani. Watu wengi wanaoacha pombe hugundua kwamba chini yake palikuwa na sonona au hofu ya muda mrefu, na hali hizo zina dawa na unasihi wake. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua kati ya kituo cha Kikristo kisicho na mnasihi aliyesomea kazi hiyo na kituo cha kawaida chenye mnasihi, nitachagua cha kawaida bila kusita, kisha nitamwomba padre au mchungaji amtembelee mgonjwa kila juma. Kituo cha Kikristo chenye vyote viwili nitakitanguliza mbele ya hicho.

Wapo wanaoogopa hatua 12 za AA (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wakidhani ni dini nyingine. Chama hicho kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, kwa Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa soko la hisa, na daktari Bob Smith, wote wawili walevi waliokuwa wamepitia vuguvugu la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Kukiri kwamba umeshindwa, kujichunguza, kuungama mbele ya mtu, kuwalipa uliowadhulumu: Mkristo hatapata humo kitu kigeni, isipokuwa kwamba chama humwachia kila mtu amtaje Mungu kwa jinsi anavyomfahamu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionyesha kwamba tiba iliyopangwa kumwingiza mtu katika AA haikushindwa na tiba nyingine za kisaikolojia, na katika kuacha pombe kabisa kwa mwaka mzima ilizipita, takribani asilimia 42 dhidi ya 35. Tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo: hata kwa njia iliyofanya vizuri zaidi, zaidi ya nusu walikunywa tena ndani ya mwaka. Kituo chochote, cha Kikristo au cha kawaida, kinachokuahidi kwamba wote hupona kabisa, kiogope.

Kuna dawa pia zinazosaidia baada ya mwili kusafika. Naltreksoni hupunguza ile raha na hamu ya pombe. Disalfiramu humfanya anayekunywa augue papo hapo: uso kuwaka, kichwa kugonga, kutapika, moyo kwenda mbio. Namwonya kila shemeji na kila mama mwenye nia njema asiisage na kuitia kwenye chai ya mlevi bila yeye kujua. Athari yake inaweza kudumu hadi majuma mawili baada ya kidonge cha mwisho, na mtu asiyejua amemeza nini ataendelea kunywa mpaka moyo umshinde. Dawa hii hutolewa na daktari kwa mtu aliyekubali mwenyewe.

Akisharudi Ganda au Marafa

Kituo kilichoko Nairobi kinaweza kumfundisha mtu kupita mbele ya baa bila kuingia, lakini sidhani kama kina somo juu ya kadzama, yaani kibuyu cha mnazi wa kimila. Katika nyumba za Mijikenda mnazi upo kwenye posa na kwenye matanga, na anayekataa huonekana amewakataa wazee wenyewe. Aliyeacha pombe atakabiliwa na jambo hili pengine katika majuma ya mwanzo, kwa sababu misiba haingoji. Hapo kanisa la mtaani lina nguvu ambayo hakuna kituo kinayo: wazee wawili wa kanisa wanaoandamana naye matangani, wanaokaa naye upande wa wanaokunywa chai, na wanaozungumza na mjomba wake mapema ili kibuyu kisimfikie kabisa. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, ambazo hukutana nyumba kwa nyumba, zimeumbwa kwa kazi kama hii, na makundi ya nyumbani ya Waanglikana na Wapentekoste vilevile.

Mgema yuko katika taabu ya peke yake. Yeye hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukinga utomvu, huonja, na huo ndio mkate wa watoto wake. Akitoka kituoni baada ya siku 90 na kurudi juu ya mti ule ule, pesa za kituo zimepotea. Lakini mnazi usiogemwa huzaa nazi, kwa maana ni kile kile kilele cha maua kinachokatwa ndicho ambacho kingetoa matunda, na pamoja na nazi kuna makuti na mbata. Tatizo ni miezi ya kungojea nazi zikomae, ambayo nyumba inaweza kulala njaa. Kanisa linalotaka kumsaidia mgema liweke mfuko wa unga na karo kwa miezi hiyo kabla halijamwekea mikono. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo kizuri zaidi cha kulichagua kanisa la kumrudishia mgonjwa, kuliko ukubwa wa spika zake.

Ushuhuda ndio ninaouogopa kuliko mambo mengine ya kanisani. Mtu ana majuma sita bila pombe, anapandishwa madhabahuni, anaambiwa aseme kwamba hatakunywa tena milele, watu wanashangilia. Akiteleza mwezi unaofuata hawezi kumwambia yeyote, kwa hiyo anakunywa kwa siri, na kwa siri hiyo anarudi chini kabisa. Matt Talbot wa Dublin, kibarua anayeheshimiwa sana na Wakatoliki wanaopambana na ulevi, alipoamua kuacha mwaka 1884 aliweka nadhiri ya miezi mitatu tu, kisha akaiongeza, na hatimaye ikawa ya maisha. Alikufa mwaka 1925 bila kuirudia pombe. Mchungaji anayekubali nadhiri ya muda mfupi na kukataa ushuhuda wa haraka anaelewa ugonjwa huu.

Lipo na jambo la meza ya Bwana. Kwa Wapentekoste wengi kikombe ni cha maji ya zabibu, na hakuna shida. Kwa Wakatoliki na Waanglikana ni divai, na anayetoka katika ulevi azungumze na padre wake mapema, kwa kuwa kupokea mkate peke yake ni kupokea kikamilifu. Asilazimishwe kuonja ili kuthibitisha imani yake.

Gharama, umbali, na walioachwa pembeni

Njia ya nne ndiyo yenye gharama ndogo, kwa sababu mtu huendelea na kazi na hakuna ada ya kulala. Kituo cha siku 90 humnyima bodaboda au mvuvi pato la miezi mitatu juu ya ada yenyewe, kwa hiyo uliza mapema kama kina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ni sehemu gani inalipwa, na kama dawa na vipimo vimo ndani ya ada au hulipiwa kando. Kituo cha kanisa kinachosema ni cha bure kiulizwe kinaendeshwa na nini. Wakati mwingine jibu ni kazi za wagonjwa wenyewe.

Kwa walioko Lamu, Mpeketoni au Witu, hesabu ni tofauti. Juma la kwanza lianzie katika hospitali iliyo karibu, kwa sababu kumsafirisha mtu aliyeacha pombe jana, kwa boti hadi Mokowe kama anatoka kisiwani, kisha kwa barabara saa kadhaa, ni kumweka mahali ambapo degedege ikimshika hakuna wa kumsaidia. Akitulia ndipo asafirishwe Malindi au Mombasa.

Familia ya Kiislamu inayopewa nafasi katika kituo cha Kikristo, jambo ambalo hutokea sana katika mji huu wa mchanganyiko, iulize bila aibu kama mgonjwa ataruhusiwa kuswali na kama ibada za kituo ni za lazima. Matibabu yasiwe bei ya kubadili dini. Kuhusu wanawake, nafasi ni chache na aibu ni kubwa, na vituo vingine vina bweni moja tu. Mwanamke alazwe pale tu ambapo kuna bweni la wanawake na wahudumu wanawake usiku. Pasipokuwapo, matibabu ya nje pamoja na wanawake wawili watatu wa kanisa wanaojua kutunza siri ni bora kuliko kitanda kisicho salama.

Swali la mwisho la kuuliza kabla ya kulipa senti moja ni hili: mtu wetu akinywa tena baada ya kutoka, mtafanya nini? Vipo vituo vinavyomtoza ada nzima upya, vipo vinavyomfungia mlango, na vipo vinavyompokea kwa juma moja au mawili ili asimame tena. Hospitali ya wagonjwa wa nje humpokea na faili lake lile lile. Kanisa lijibu pia, tena kwa jina la mtu: nani atakwenda kumtoa mangweni, kule kunakouzwa mnazi, siku hiyo, na atakwenda na nani.